Utepe Mweusi wa Papa David

Firmin hupiga picha zake kwa sanduku. Alilitengeneza mwenyewe kwa mbao nyembamba, akalipaka rangi nyeusi ndani, akatoboa mbele tundu dogo kama ncha ya sindano. Nyuma huweka karatasi ya picha ambayo rafiki humletea kutoka Kampala. Hakuna lenzi. Mwanga huingia polepole, na anayepigwa picha hana budi kutulia muda ambao watu wa mtaa wake wa Kadutu hawajauzoea.

Muda huo huupima kwa rozari. Kwenye jua ni kumi moja, yaani Salamu Maria kumi, kwenye kivuli ni makumi mawili, moyoni, bila kutikisa midomo. Zamani alitumia saa ya simu, lakini watu walikuwa wakiitazama simu na sura zao zikawa kama za wanaosubiri kuitwa hospitalini. Walipoanza kusali, sura zilirudi kuwa zao.

Kazi ya mkate ni nyingine. Hupiga harusi, ubatizo na wanafunzi wanaomaliza chuo kikuu, kwa kamera ya kawaida, na watu wote wakicheka. Picha za sanduku huzipiga asubuhi anapopata nafasi, mlangoni kwa majirani. Baada ya miaka miwili ya kazi hiyo alikuwa amegundua jambo moja tu: ukimwambia mtu wa mtaa huu akae atulie, analala. Mwanzoni aliwaamsha. Baadaye akaacha, kwa sababu picha za waliolala zilikuwa na kitu ambacho picha nyingine hazikuwa nacho, na kwa sababu hakuona vizuri kumwamsha mtu aliyechoka ili amtazame yeye.

Picha iliyozidi zote ilikuwa ya Maman Françoise, mjane anayeuza makala, makaa ya kupikia, chini ya ngazi za mawe, nyumba ya tatu kutoka kwa Firmin. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango wake, mikono imelala mapajani, na kabla ya kumi la kwanza kuisha kichwa kilikuwa kimeegemea ukuta. Upepo wa ziwa ulikuwa unapanda. Firmin alimwona akijikunyata usingizini. Alijua kwamba akipita mbele ya sanduku ataiharibu picha. Hata hivyo alichukua kitenge kilichokuwa kwenye kamba, akaenda, akamfunika magoti, akarudi mahali pake na kuendelea kusali alipoachia. Aliposafisha karatasi hiyo, Maman Françoise alikuwa wazi kabisa, kila kunjo la uso mahali pake. Firmin mwenyewe alikuwa kitu kama moshi, kimeinama juu ya bega la yule mama.

Rosette, anayeangalia ukumbi ambamo picha zingeonyeshwa, aliitazama kwa muda mrefu. "Hii inakaa katikati," alisema. "Zingine zote zitaizunguka. Bila hii, Papa Firmin, uko na picha ya batu benye kusinzia tu."

Desturi ya Firmin ni kumwonyesha mwenye sura kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa Maman Françoise alienda na picha kwenye simu, akamkuta akipimia wateja makala kwa kopo. "Nitaangalia kesho, Papa Firmin, mikono iko michafu." Kesho yake alimkuta amelala juu ya magunia. Hakumwamsha. Siku ya kufunga fremu ikafika kabla hajaiona.

Ilikuwa Ijumaa. Maonyesho yalikuwa yafunguliwe Jumamosi alasiri. Tangu asubuhi Firmin alikuwa ukumbini akipiga misumari, akipima kwa kamba, akishusha picha na kuipandisha tena kidogo. Picha ya Maman Françoise, iliyokuzwa, ilikuwa bado kwa Papa David, seremala wa mtaani, ambaye kijana wa maabara ya picha alikuwa amempelekea moja kwa moja. Firmin alikubaliana naye kwa simu kwamba angeipitia jioni. Katikati ya ukuta aliacha nafasi na misumari miwili mikubwa.

Aliporudi mtaani, miguu ikimuuma, alikuta turubai limefungwa kutoka paa la Maman Françoise hadi kwenye mti wa parachichi wa jirani. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka. Sufuria kubwa zilikuwa tayari juu ya moto. Mtu mmoja alikuwa analia kwa sauti ya juu, na wengine walikuwa wanamwitikia.

Kwenye kiti, mbele ya mlango, mishumaa miwili pembeni, ilikuwa picha yake ya Maman Françoise. Kona ya juu ya fremu ilikatwa na utepe mweusi, umefungwa vizuri, pasi imepita.

Firmin alikaa kwenye ngazi. Alikuwa amemwona Maman Françoise usiku uliotangulia akifunga kamba za magunia matupu. Alikuwa amesema ataondoka kabla ya jua, atapanda gari la kuelekea Lwiro kuchukua makala. Watu wanakufa barabarani kila siku. Lilikuwa jambo linalowezekana kabisa.

"Ilikuwa namna gani?" alimuuliza Nathalie, jirani aliyekuwa akipanga viti.

"Accident, banasema. Pikipiki iligongana na camion." Nathalie alijifuta macho. "Kwa Papa David ndio tuliona picha, saa ya kwenda soko. Batu bote baliiona, tukaileta hapa. Telefone yake haipite tangu asubuhi."

"Mwili uko wapi?"

"Batu bameenda kuutafuta."

Firmin alishuka ngazi haraka kuliko alivyokuwa ametembea wiki nzima. Papa David alikuwa nje ya kiwanda chake, anapiga randa ubao mrefu. Kiwanda hicho hutengeneza milango, vitanda, na zaidi ya vyote majeneza, misalaba na fremu za picha zinazobebwa mbele ya jeneza. Ubao ulikuwa mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine.

"Papa David, nani alikuambia Maman Françoise amekufa?"

Seremala aliinua uso. "Weye."

"Miye?"

"Ulinitumia picha yake. Kubwa hivi, nyeusi na nyeupe, macho imefungwa. Mutu mwenye kuwa mufu tu ndio banamufanyaka picha ya namna ile. Miye nikasema, maskini Françoise. Niliiweka ku mulango vernis ikauke. Na ile ruban nilikuwekea bure, Papa Firmin, sababu alikuwaka ananiachilia makala." Alipuliza vumbi kwenye ubao. "Sasa mbona unaniangalia hivyo?"

"Ni picha ya exposition. Alikuwa amelala."

Papa David aliweka randa chini. Alitazama ubao aliokuwa akiupiga. "Donc hakufa?"

"Sijui," alisema Firmin. Na ndiyo ilikuwa shida. Hakujua. Habari yote ilitoka kwenye fremu, alikuwa na hakika karibu kamili, lakini simu ya Maman Françoise haikupatikana hata alipoijaribu mara nyingi akipanda ngazi tena.

Alijaribu kuwaambia watu. Aliongea na Nathalie, na Nathalie akamwambia mama mwingine, na yule mama akasema, "Papa Firmin amechanganyikiwa, alimupendaka sana." Wakampa kiti na chai. Hakuwa na nguvu ya kubishana. Kila alipotaka kusimama aseme kwa sauti, aliwaza: na kama ni kweli?

Giza lilikuwa linaanza kuingia lori la Fuso liliposimama barabarani. Walikuwa ndugu kutoka Walungu, wanaume na wanawake, wamebeba maharage, kuni, na dumu la kasiksi, pombe ya ndizi. Mbele yao alikuja Stanislas, kaka mkubwa wa Maman Françoise, mzee mwenye ndevu nyeupe na koti refu lisilolingana na joto la siku hiyo. Kilio kilipanda upya. Stanislas alisimama mbele ya picha, akavua kofia. Kisha akainama na kunyoosha kidole kwenye ule moshi juu ya bega.

"Angalieni. Ilikuwa imeshakuja kumuchukua."

Wanawake walipiga kelele. Firmin, nyuma ya kikombe cha chai, alitamani ardhi immeze.

Ni katikati ya kelele hiyo ndipo lori la makala lilipopita nyuma ya Fuso, likashusha mtu mmoja na magunia yake. Mwanamke yule alikuwa mweusi kwa vumbi la makala hadi kwenye nyusi. Aliona turubai limefungwa kwenye mti wa jirani, akaona watu, akasikia kilio. Hakuuliza. Aliyefika kwenye msiba hulia kwanza. Alivuta kitenge kichwani, akaingia pembeni gizani, akakaa chini kwenye mkeka, akalia. Alilia vizuri, kwa muda, na pengine kwa mambo yake mengine pia, maana siku ilikuwa mbaya: gari liliharibika Kavumu na simu ikaanguka majini. Kisha akajifuta pua na kumgusa mwanamke aliyekuwa kando yake.

"Maman, ni nani alikufa?"

"Françoise ya makala."

"Françoise gani?"

"Mwenye nyumba hii."

Aliitazama nyumba. "Lakini miye ndio mwenye nyumba hii."

Yule mwanamke aligeuka, akatazama uso mweusi wenye macho mawili, akaruka mkeka na kukimbia. Watu wengi walikimbia. Mmoja alikanyaga sufuria ya mchele. Stanislas hakukimbia. Alisimama akishikilia kofia kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ndogo, "Kama ni weye kweli, jina ya mbuzi yetu ya kwanza ilikuwa nani?"

"Stani, miguu inaniuma. Mbuzi gani? Tulikuwa na kondoo."

Hapo mzee alilia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kuwatuliza watu kulichukua muda. Papa David aliitwa, akaeleza habari ya utepe, akatukanwa, akasema yeye alifanya jinsi kila mtu angemdai afanye. Firmin alisimama na kueleza habari ya sanduku, rozari na maonyesho. Alieleza taratibu, hadi mwisho. Halafu pikipiki ikasimama kwa kishindo, na Yannick akashuka.

Yannick ni mwana pekee wa Maman Françoise. Anafundisha Sange, kule tambarare ya Ruzizi. Mchana huo mtu alimtumia kwenye simu picha ya ile fremu, pamoja na utepe wake. Alikodi pikipiki, akapanda barabara ya mlima Ngomo yenye kona ambazo madereva huzipita wakisali, kwenye matope, akivuka vizuizi ambavyo hakutaka kuvizungumzia hata baadaye. Alikuwa amejaa udongo hadi kifuani. Alimwona mama yake amekaa kwenye mkeka, anakula ugali. Alipiga magoti mbele yake. Alilaza kichwa kwenye paja lake lenye makala.

Alipoinuka alimtafuta Firmin.

"Ni weye ulipiga hii?"

"Ni miye."

"Alijua unamupiga akiwa amelala?"

"Alijua nampiga. Alilala katikati."

"Na ukaifanya kubwa hivi. Bila kumuonyesha." Sauti ya Yannick haikupanda. "Njia muzima nilikuwa na hii sura ku telefone. Kila fasi pikipiki inasimama, naangalia. Nilikuwa najiambia, alau hakuteseka, angalia vile analala. Unaelewa, Papa Firmin? Nilikuwa nimeshaanza kukubali."

Firmin alielewa. "Nilipaswa kumuonyesha kwanza," alisema. "Hata kama ni kumwamsha."

"Ichomwe," alisema Stanislas. "Moto iko pale. Mutu hawezi kuwa na sura ya mufu inatembea na yeye iko muzima. Kesho ataiweka ku ukuta, batu baanze tena kulia."

Baadhi walikubali. Firmin aliwaza misumari miwili katikati ya ukuta, na miaka miwili, na asubuhi za Jumapili alizomwacha mke wake aende misa peke yake. Aliwaza pia kwamba karatasi ya kwanza, ile iliyotoka kwenye sanduku, ilikuwa nyumbani kwake, na kwamba hakuna aliyeiulizia. Angeweza kunyamaza. Lakini alisema, "Kuna karatasi nyingine, ndiyo yenyewe. Mkisema ichomwe, nitaileta na hiyo."

"Ngojeni," alisema Maman Françoise. "Bote muko mumeiona. Miye bado."

Waliileta picha mbele yake. Nathalie alimulika kwa simu. Maman Françoise alifuta mikono kwenye kitenge, akaishika fremu kwa vidole viwili vya kila mkono asiichafue, akaangalia. Aliangalia kama anavyoangalia gunia kabla ya kulinunua, pembe kwa pembe.

"Miye nalalaka hivi?"

Akaigeuza fremu kwenye mwanga.

"Niko kama mutu mwenye hana deni." Akasogeza uso karibu. "Na hii moshi?"

"Ndio ilikuwa inakuja kukuchukua," alisema Nathalie kwa hofu.

"Ni miye," alisema Firmin. "Kulikuwa na baridi. Nilikufunika."

Maman Françoise alimtazama, kisha akaitazama tena ile picha. "Kumbe. Niliamuka nikasema, hii kitenge nilijifunika saa ngapi?" Alimkabidhi Yannick fremu. "Papa Firmin, hii haitaenda. Mutoto yangu amesafiri na hiyo sura njia muzima, sitaki iende kuangaliwa na batu bengine. Haitachomwa pia, Stani, acha moto ipike maharage. Itabaki kwangu nyuma ya kitanda, na ile karatasi ingine uniletee. Siku yangu ikifika kila kitu iko tayari, hata ruban."

"Miye sitaweka ingine," alisema Papa David, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi cha watu waliochoka.

Firmin alisema sawa. Alisema mara mbili. Alisimama kwenda nyumbani.

"Na ukuta yako?" aliuliza Maman Françoise.

"Itabaki wazi katikati."

"Wazi sababu ya miye? Apana. Asubuhi leta sanduku. Nitafungua macho."

Usiku ule hakuna aliyeondoka. Fuso haikuweza kurudi Walungu gizani, chakula kilikuwa kimeiva, na Stanislas alisema watu waliokaa chini kwa ajili ya mfu hawawezi kuinuka hivi hivi; sharti wakeshe, na asubuhi aliyeliliwa awashike mikono mmoja mmoja. Firmin hakujua kama hiyo ni desturi ya kwao au mzee aliitunga palepale. Walikesha. Walisali rozari ya shukrani, wakanywa kasiksi, wakasali tena.

Kulipokucha ukungu ulikuwa bado juu ya ziwa. Maman Françoise alikuwa amenawa uso na kuvaa kitenge kingine. Aliwashika watu mikono, mmoja mmoja, mpaka waliokuwa wa mwisho, kisha akakaa kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya mlango. Firmin aliweka sanduku juu ya kigoda. Alikusudia kumpiga yeye peke yake, lakini Stanislas alileta kiti, akakaa kuume.

"Na siye tuliolia, hatumo?"

"Kuja, na ndevu yako," alisema dada yake.

Basi wakaja wote. Ndugu wa Walungu walijipanga nyuma ukutani, wanawake wakakaa mbele kwenye mikeka, Nathalie na Papa David pembeni. Yannick alikaa chini, mgongo ukiegemea magoti ya mama yake.

"Ni kivuli," Firmin aliwaambia. "Makumi mawili. Salini moyoni, msitikisike."

Aliondoa kifuniko cha tundu na kuanza. Salamu Maria, umejaa neema. Mtaa ulikuwa kimya isipokuwa jogoo na redio ya mbali. Kwenye Salamu ya nne kidevu cha Stanislas kilishuka kifuani. Papa David alifumba macho kama mtu anayesali sana, halafu mdomo ukaachama. Wanawake wa mikekani waliegemeana, mmoja baada ya mwingine, bila kelele, na wanaume walioegemea ukuta wakalala wakiwa wamesimama. Kichwa cha Yannick kilianguka nyuma kikapata paja la mama yake, na matope ya Ngomo yalikuwa bado kwenye nyusi zake. Firmin hakumwamsha mtu. Alijaribu kuendelea kuhesabu, lakini naye alikuwa amekesha, na maneno yalianza kurudia mahali pamoja: sasa na saa ya kufa kwetu, sasa na saa ya kufa kwetu. Hakujua tena yuko kumi gani.

Maman Françoise alikuwa macho. Aliyafungua kama alivyoahidi, mekundu, yakimwaga machozi kidogo kwa upepo, na aliyaelekeza kwenye tundu la sanduku bila kuyaondoa. Kila yalipotaka kushuka aliyainua tena. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya paji la uso la mwanawe, umetulia kabisa.

"Miye nimemaliza," alisema polepole. "Makumi mawili. Weye?"

"Nimepotea," alisema Firmin.

"Funga basi."

Firmin alifunga tundu. Alilishika sanduku kwa mikono miwili na kuangalia watu wote wale waliolala. Wa Walungu walikuwa na safari. Yeye alikuwa na karatasi ya kusafisha, fremu ya kubembeleza kwa Papa David, na ukuta unaomsubiri hadi alasiri. Alivuta pumzi ili awaite.

"Acha," alisema Maman Françoise, bila kutoa mkono wake pale ulipokuwa. "Acha balale kwanza."